Ukiona vyaelea: gari bovu lililomlea Bruce McLaren

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, mnunuzi wa vyuma kuukuu alibisha langoni mwangu akiwa na mkokoteni na mizani. Alikuwa amelitamani kwa muda mrefu gari la marehemu baba, Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambalo tangu mwaka 1994 limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani yake na magugu yakiota mahali palipokuwa na magurudumu. Tulipatana bei kwa kilo. Kabla sijapokea fedha, mwanangu mwenye umri wa miaka 14 alitoka ndani, akasimama kati yangu na yule mnunuzi, akanisihi nisiliuze. Alisema kwamba angeweza kulifufua. Nilimkemea mbele ya mgeni, nikamkumbusha alama alizopata katika hisabati muhula uliotangulia, kisha nikamwomba mnunuzi arejee mwisho wa mwezi.

Nakiri, mpenzi msomaji, kwamba usiku ule usingizi ulinipaa. Sikusumbuliwa na gari bali na jibu nililompa mtoto. Nilimkumbuka mtu mmoja ambaye jina lake hutajwa mara kwa mara katika kurasa za michezo, ilhali wengi wanaolitaja hudhani ni jina la kampuni tu. Mtu huyo ni Bruce McLaren. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Ningependa leo tutazame jinsi jina hilo lilivyoundwa, maana mwanzo wake ulikuwa rundo la vyuma ambavyo mzazi mwingine angevipima kwa kilo.

Bruce McLaren alizaliwa mjini Auckland, New Zealand, tarehe 30 Agosti 1937. Baba yake, Les, alikuwa na kituo cha petroli na gereji katika mtaa wa Remuera, na ujanani mwake alikuwa amewahi kushindana kwa pikipiki. Mtoto huyo basi alilelewa katika harufu ya mafuta na mlio wa nyundo. Lakini alipofika umri wa miaka 9, alianza kuchechemea. Madaktari waligundua kwamba alikuwa na maradhi yaitwayo Perthes, ambayo huzuia damu kufika sawasawa katika kichwa cha mfupa wa paja, hata mfupa ukalainika na kubomoka ndani ya nyonga. Alipelekwa katika makao ya watoto wagonjwa huko Takapuna, akalazwa humo takriban miaka miwili, miguu yake ikivutwa kwa mizigo ili nyonga isilemewe. Alipotoka, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Alichechemea hadi siku yake ya mwisho.

Hapa sina budi kusita kidogo. Ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kumwona mtoto wa jirani aliye na mguu kama huo akipewa kazi ya kulinda mlango wakati wenzake wanapokwenda kucheza? Hatumpigi wala hatumtukani. Tunamhurumia tu, na huruma hiyo humfungia ndani kuliko kufuli. Les McLaren angeweza kufanya hivyo hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake alileta gari nyumbani. Bruce alikuwa bado mvulana wa miaka ya mwanzo ya ujana wakati baba yake aliponunua, kwa pauni 110, gari la mashindano aina ya Austin Seven Ulster lililoundwa mwaka 1929. Nasema gari, lakini kwa hakika alinunua vipande vyake. Nia ya Les ilikuwa ya kibiashara: alikusudia kuviunganisha, kisha auze kwa faida. Mwanawe alipoviona alimsihi asifanye hivyo. Wawili hao wakaanza kazi ya kulirudishia gari lile uhai.

Msomaji ambaye hajui Austin Seven anafaa kuelezwa kidogo. Lilikuwa gari dogo lililobuniwa na Herbert Austin huko Uingereza mwaka 1922 ili mtu wa kipato cha wastani naye apate kumiliki gari. Injini yake ilikuwa na silinda 4, na ujazo wake wote haukuzidi sentimita za ujazo 747, yaani chini ya lita moja. Breki zake zilivutwa kwa nyaya, si kwa mafuta kama zilivyo breki za leo. Aina ya Ulster ilikuwa ndiyo ya michezo: nyepesi, ya chini, yenye bodi fupi isiyo na anasa yoyote. Jina lake lilitokana na mashindano ya magari yaliyofanyiwa katika jimbo la Ulster, Ireland, ambamo Austin Seven zilijipatia sifa mwaka 1929.

Kulifufua gari la namna hiyo ni shule inayojitosheleza. Kila kipande hufunguliwa, huoshwa kwa mafuta ya taa na kupangwa mezani kwa utaratibu ambao usipoukumbuka utalia. Vali husagwa mpaka zikae katika vitako vyake bila kupitisha pumzi. Ringi za pistoni hupimwa nafasi zake kwa kipimo chembamba kama karatasi. Kabureta hufunguliwa, matundu yake yakapulizwa. Nyaya za breki hurekebishwa moja moja ili gurudumu moja lisishike kabla ya jenzake na kulivuta gari kando. Na baada ya yote, ikibaki nati moja mezani ambayo hujui ilikotoka, huna ruhusa ya kuitia mfukoni na kunyamaza. Mwalimu unaweza kumnakilia jibu la jirani yako, injini hainakiliwi.

Gari lilipokamilika, Les alikuwa wa kwanza kuliendesha, na hakulipenda. Aliliona kuwa la hatari, akarudia wazo la kuliuza. Kijana alimsihi tena, naye akakubali tena. Bruce alijitengenezea njia yenye umbo la tarakimu 8 kati ya miti ya matunda nyumbani kwao, akawa anazunguka humo akijifunza tabia za gari lile. Mwaka 1952, akiwa bado hajaota ndevu, aliingia katika mashindano ya kupanda mlima huko Muriwai, karibu na Auckland. Mguu mfupi haukumzuia. Kiti cha gari hakimuulizi mtu anavyotembea.

Najua mzazi mmoja ameshaanza kutikisa kichwa akisema kwamba huu ni uchochezi wa kuwatoa watoto darasani. La hasha. Bruce alisomea katika chuo cha ufundi cha Seddon mjini Auckland, kisha akajiunga na chuo kikuu cha mji huo kusomea uhandisi. Kitabu na spana havikuwa maadui nyumbani kwao. Alichokigusa kwa mikono alikitafutia sababu yake kitabuni, na alichokisoma kitabuni alikijaribu gerejini. Sisi ndio tuliovigombanisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, tuliahidiwa kwamba ungewapa watoto wetu stadi za mikono. Nimeona kwa macho yangu karakana iliyojengwa kwa michango ya wazazi ikigeuzwa ghala la mahindi, meza zake za seremala zikiwa chini ya magunia.

Mwaka 1958 Bruce alikuwa kijana wa kwanza kupelekwa Ulaya katika mpango ulioanzishwa New Zealand wa kuwasaidia madereva chipukizi. Alijiunga na timu ya Cooper. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Ujerumani kwenye barabara ngumu ya Nürburgring, alimaliza wa tano ingawa gari lake lilikuwa la daraja la pili. Tarehe 12 Desemba 1959, huko Sebring, Marekani, Jack Brabham aliyekuwa akiongoza aliishiwa na petroli karibu na mwisho, akalazimika kulisukuma gari lake kwa mikono hadi kwenye mstari. Bruce alipita, akashinda. Alikuwa na umri wa miaka 22. Ukiondoa mashindano ya Indianapolis, ambayo wakati huo yalihesabiwa pamoja na hayo, hakuna aliyepata kushinda akiwa na umri mdogo zaidi mpaka mwaka 2003, Fernando Alonso alipompita.

Wengi wangetosheka na utukufu huo. Yeye alitaka kuunda. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake nchini Uingereza. Karakana ya kwanza ilikuwa kibanda huko New Malden, kando ya London, ambamo mafundi wake waligawana nafasi na greda la kusawazisha barabara. Mafundi wetu wa jua kali wangejiona nyumbani mahali pale.

Kuna kisa kimoja kinachonionyesha kwamba yule mvulana wa Austin hakumtoka kamwe. Siku moja, akilijaribu gari lake, aliona kifuniko kidogo cha sehemu ya mbele kikipepea na kunyanyuka kila alipoongeza kasi. Dereva mwingine angeagiza kifungwe vizuri. Bruce alijiuliza kwa nini upepo wa mbele usikikandamize, akatambua kwamba hewa ilikuwa imekwama chini ya bodi na ilikuwa ikilinyanyua gari. Alirudi, akakata bodi nyuma ya rejeta ili hewa ipate njia ya kutokea juu. Gari likatulia barabarani.

Mwaka 1966 yeye na Mnew Zealand mwenziwe, Chris Amon, walishinda mbio za saa 24 za Le Mans wakiendesha Ford. Mwaka 1968 alishinda mashindano ya Ubelgiji huko Spa kwa gari lenye jina lake mwenyewe, fahari ambayo ni madereva wachache mno walioipata. Katika mashindano ya Can-Am ya Marekani na Kanada, alikuwa bingwa mwaka 1967 na 1969, na katika mwaka huo wa 1969 magari yake yalishinda mbio zote 11.

Tarehe 2 Juni 1970, katika uwanja wa Goodwood nchini Uingereza, alikuwa akilijaribu gari jipya. Sehemu ya bodi ya nyuma ilifunguka gari likiwa katika kasi kubwa, likapoteza mshiko na kugonga kizuizi cha kando ya njia. Bruce alikufa papo hapo. Alikuwa na miaka 32. Alimwacha mkewe, Patricia, na binti yao mdogo, Amanda. Siku 12 baadaye timu yake ilishuka uwanjani Mosport, Kanada, na Dan Gurney akashinda kwa gari la aina ile ile. Jina hilo limeendelea kubebwa na mabingwa wa dunia: Emerson Fittipaldi mwaka 1974, James Hunt mwaka 1976, Ayrton Senna mara tatu, Lewis Hamilton mwaka 2008. Na katika makao makuu ya kampuni huko Woking, kati ya magari ya thamani isiyosemeka, limehifadhiwa lile Austin dogo.

Nilipomsimulia mke wangu haya, aliniuliza swali ambalo halikwepeki: je, nataka mwanetu apende kitu kilichomuua mwenzake? Nilimjibu kwamba mimi sitaki dereva wa mashindano. Nataka mtu asiyeogopa kufungua kitu na kutazama ndani. Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari Nairobi, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Kabla ya kuwa shujaa wa barabara, alikuwa mtu wa spana. Kwa kila dereva mmoja wa aina hiyo, wapo mafundi elfu waliozeeka salama wakiwa wamesomesha watoto wao.

Lakini sababu yangu ya ndani sikumwambia usiku ule, nami naiungama hapa. Baba alilinunua gari lile mwaka 1971 kwa mshahara wa ualimu, na hakuniruhusu kuligusa hata kwa kitambaa. Alinipenda, alihofia nitalichafua, au nitachafuka. Alipofariki, aliniachia ufunguo wa kitu nisichokijua. Ndiyo maana gari lile lilikaa juu ya mawe miaka yote hiyo. Halikukosa vipuri. Lilikosa mrithi.

Mnunuzi wa vyuma alirejea mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Alimkuta mwanangu amelala chali chini ya gari. Injini ya Volkswagen ile hushikiliwa na bolti nne tu. Tatu zilikuwa zimetoka, ya nne ilikuwa imekula kutu na kugoma, nami nilikuwa nimechuchumaa nikiinyunyizia mafuta kwa kufuata maagizo ya mtoto. Niliwauzia watu wa mizani mabati mawili mabovu ili wasirudi mikono mitupu.

Huenda gari lile lisiungurume tena. Sakafu yake imeoza na fedha za vipuri zitapatikana polepole. Hisabati nayo haijapona. Lakini juzi jioni mtoto aliniomba nimfafanulie namna ya kukokotoa ujazo wa silinda, na tukakaa na karatasi hadi taa zikazimwa. Mzazi mwenzangu, kabla ya kumwita mwenye mizani, muulize kwanza aliye ndani ya nyumba yako.