Marconi na sikio lisilolala

Wanafunzi wengi hulikariri jina la Guglielmo Marconi kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Laiti wangeulizwa mabaharia wanamkumbuka kwa lipi!

Marconi alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874. Si yeye aliyegundua mawimbi ya redio. Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuyadhihirisha. Sifa yake ni kuyatia kazini. Mwaka 1895 alifaulu kupeleka ishara ng'ambo ya kilima karibu na nyumba ya babake, na mwaka uliofuata akahamia Uingereza, taifa lenye meli nyingi.

Kabla yake, meli iliyokuwa mbali na upeo wa macho ilikuwa bubu. Bendera, mizinga na fataki havikuwa na faida pasipo mtu wa karibu. Machi 1899, meli ya taa ya East Goodwin, pwani ya Uingereza, ilitumia mtambo wa Marconi kuita waokoaji waisaidie meli iliyokwama mchangani. Mwezi uliofuata ikagongwa yenyewe, ikajiitia msaada. Mwaka 1909 meli ya Republic iligongana na nyingine karibu na Marekani. Watu wapatao 1,500 wakaokolewa kwa simu hiyo ya upepo. Mwaka huohuo Marconi akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Ndipo ikaja Titanic, Aprili 1912. Carpathia ilisikia kilio na kuwaopoa watu zaidi ya 700. Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini mwendesha mtambo wake alikuwa amelala. Kilichopungua usiku ule hakikuwa sauti, bali sikio.

Marconi alifariki Roma mwaka 1937, akiwa amejitia doa kwa kuuunga mkono utawala wa Mussolini. Mawimbi yake yaliendelea. Tangu mwaka 1982 setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat zimesaidia kuokoa watu. Siku hizi meli ikizama, kiboya cha dharura huweza kujifungua chenyewe, kikaelea na kutangaza kwa megahezi 406 ni chombo gani kimepatwa na wapi. Setilaiti hailali.

Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini. Ningependa mwalimu wa sayansi wa Lamu au Vanga, akimaliza kumtaja Marconi, awaulize wanafunzi wake ni mashua ngapi za wazazi wao zilizo na kiboya hicho.