Gatsonides: Bingwa wa mbio za magari aliyewapa polisi kipimo cha mwendo

Mfanyabiashara anayepanda basi kwenda Namanga, Tunduma au Rusumo anaijua dakika ile dereva anapokanyaga breki ghafla. Gari lililotoka mbele limemwashia taa, maana yake askari yuko karibu na kifaa ambacho madereva wa Tanzania wanakiita tochi. Abiria huanza kunung'unika kwamba watachelewa sokoni. Wachache wanajua kuwa mmoja wa waasisi wa kazi hii ya kupima mwendo barabarani alikuwa dereva aliyependa kasi kuliko abiria yeyote mwenye haraka.

Maurice Gatsonides alizaliwa Februari 14, 1911 katika kisiwa cha Java, wakati huo koloni la Uholanzi na leo sehemu ya Indonesia. Maisha yake yalikuwa magari. Baada ya Vita Kuu ya Pili alijaribu kutengeneza magari yake mwenyewe ya michezo, akayaita Gatso. Biashara hiyo haikudumu, lakini hakuacha usukani. Mwaka 1953, akiwa na mwenzake Peter Worledge ndani ya Ford Zephyr, alishinda mashindano makubwa ya Monte Carlo.

Katika mbio za aina hiyo, sekunde moja inaweza kumtenga mshindi na aliyeshindwa. Gatsonides alitaka kujua anapita kona kwa mwendo gani hasa, ili apite kwa kasi zaidi. Jibu lake lilikuwa mirija miwili ya mpira iliyolazwa kukatiza barabara. Tairi likikanyaga mrija wa kwanza, saa inaanza kuhesabu. Likikanyaga wa pili, saa inasimama. Umbali unajulikana, muda umepatikana, na ukigawanya umbali kwa muda unapata mwendo.

Kwa mfano, mirija ikitengana kwa mita 5, gari la kilomita 50 kwa saa hupita katikati yake kwa sekunde 0.36. Likienda kilomita 100, hutumia sekunde 0.18 tu. Hakuna jicho wala mkono wa mtu unaoweza kukamata tofauti hiyo kwa uhakika.

Polisi wa Uholanzi waliona faida yake haraka. Mwaka 1958 Gatsonides alianzisha kampuni ya Gatsometer, na kipimo alichokibuni ili akimbie zaidi kikawa cha kuwapunguza wengine mwendo. Baadaye ziliongezwa kamera, kisha rada, ambayo hutuma mawimbi na kusoma yanavyorudi kutoka kwenye gari. Uingereza ilianza kutumia kamera zake mwaka 1992. Zilipiga picha mbili zinazopishana kwa nusu sekunde, na mistari iliyochorwa barabarani ilionyesha gari limesogea kiasi gani. Gari la kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 7 katika nusu sekunde. Hivyo ubishi wa askari na dereva ulipata shahidi wa tatu.

Mirija kama ile hutumika pia kuhesabu magari. Kila ekseli inayopita husukuma hewa ndani ya mrija, na mashine huandika. Kutokana na hesabu hizo wahandisi huamua barabara ipi ipanuliwe na lami iwe nene kiasi gani. Malori yanayosongamana kuelekea mpakani yasipohesabiwa, ni vigumu kwa mpangaji wa bajeti kujua uzito wa biashara inayopita hapo.

Gatsonides alifariki Novemba 29, 1998 nchini Uholanzi akiwa na miaka 87. Mwenyewe alikiri kuwa alishawahi kunaswa na mashine zake.

Tanzania na Kenya zimeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao gari huhitaji ili kusimama kwa breki huongezeka karibu mara nne. Mama muuza ndizi anayevuka barabara hawezi kufanya hesabu hiyo. Anategemea dereva wa basi lako aifanye kwa niaba yake, hata pale ambapo hakuna tochi.