Mwenyeheri Maria Corsini: Mama Aliyemrudishia Mungu Watoto Wake

Watakatifu wengi tunawakumbuka siku waliyofariki, kwa sababu Kanisa huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwao mbinguni. Mwenyeheri Maria Corsini na mumewe, Mwenyeheri Luigi Beltrame Quattrocchi, hukumbukwa tarehe 25 Novemba, siku waliyofunga ndoa. Utakatifu wao ulikomaa katika ndoa hiyo, kati ya jiko, meza ya chakula na vitanda vya watoto.

Maria alizaliwa Florence, Italia, tarehe 24 Juni 1884. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, hivyo familia ilihamahama hadi ikafika Roma. Huko alifahamiana na Luigi, kijana mwanasheria mzaliwa wa Catania. Luigi alikuwa mtu mwadilifu, ila katika mambo ya dini hakuwa na bidii kama ya Maria. Alipougua sana mwaka 1904, Maria alimpelekea picha ya Bikira Maria wa Pompei, naye akaitunza maisha yake yote. Mwaka uliofuata, 1905, walifunga ndoa katika Basilika la Bikira Maria Mkuu, Roma. Maria hakumhubiria mumewe kwa maneno mengi. Aliishi imani yake mbele yake, na kidogo kidogo Luigi akawa mtu wa sala.

Walipata watoto watatu kwa miaka michache: Filippo, Stefania na Cesare. Nyumba yao iliwekwa wakfu kwa Moyo Mtakatifu wa Yesu, na jioni walisali Rozari pamoja. Kila asubuhi wanandoa hao walikwenda Misa, na Luigi alikuwa na desturi ya kumtakia mkewe asubuhi njema wanapotoka kanisani, kana kwamba siku ilianza baada ya Komunyo.

Mwishoni mwa mwaka 1913 Maria alikuwa na mimba ya nne. Madaktari waligundua kwamba kondo la nyuma limekaa vibaya. Walimshauri mimba itolewe ili walau mama aokolewe, wakisema kwamba nafasi yake ya kupona ni asilimia 5 tu. Hebu fikiri, ndugu msomaji: nyumbani kuna watoto watatu wadogo, mkubwa ana miaka saba. Maria na Luigi walikataa. Hawakuwa na hakika yoyote ya muujiza. Walisali, wakangoja kwa hofu miezi kadhaa. Tarehe 6 Aprili 1914 alizaliwa msichana, Enrichetta, na mama yake akapona.

Wengi wanaosimulia maisha ya Maria huishia hapo. Lakini alidaiwa sadaka nyingine, isiyosikika sana. Katika miaka ya 1920, watoto wake watatu wakubwa waliondoka nyumbani mmoja baada ya mwingine. Filippo aliingia seminari, akawa Padre Tarcisio. Cesare alikwenda utawani, akawa Padre Paolino, mmonaki Mtrapisti. Stefania aliingia monasteri ya Wabenediktini, akaitwa Sista Maria Cecilia. Nyumba iliyokuwa na kelele za watoto ikabaki na viti vitupu mezani. Maria aliombea miito hiyo na kuifurahia, lakini mama ni mama. Kumtoa mtoto kwa Mungu ni kumtoa kwelikweli. Barua ndizo zilizobaki kuwaunganisha, naye aliandika nyingi.

Hakujifungia na upweke wake. Aliandika vitabu kuhusu malezi na wajibu wa akina mama, akafanya utume katika Chama cha Aksyo Katolika, na kuwahudumia wagonjwa kwa kujitolea katika Msalaba Mwekundu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyumba yao ilifunguliwa kwa waliotafuta hifadhi.

Mwezi Novemba 1951 Luigi alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Walikuwa wameishi pamoja miaka 46 kasoro siku chache. Maria aliishi mjane miaka karibu 14, akitunzwa na Enrichetta. Tarehe 26 Agosti 1965 alifariki mikononi mwa binti huyo, akiwa na umri wa miaka 81. Mtoto ambaye madaktari walishauri asizaliwe ndiye aliyemshika mama yake saa ya mwisho.

Tarehe 21 Oktoba 2001 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza Maria na Luigi kuwa Wenyeheri, mume na mke wa kwanza kutangazwa kwa pamoja. Mapadre wale wawili, wakiwa wazee, waliadhimisha Misa hiyo pamoja na Papa, na Enrichetta alikuwapo. Enrichetta aliishi hadi mwaka 2012, na mwaka 2021 naye alitangazwa kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye fadhila za kishujaa.

Mafrateri wapendwa, kila muhula unapofunguliwa kuna mama anayefunga tranka la mwanawe, anamsindikiza hadi kituo cha basi, kisha anarudi nyumbani peke yake. Tunasema kwamba kijana ameitikia wito. Mama huyo naye ameitikia, ingawa hakuna atakayemwekea mikono. Tunapohesabu tulivyoviacha kwa ajili ya Bwana, tukumbuke pia waliotuachilia. Leo jioni mwandikie mama yako, au mpigie simu. Kama ameshatangulia, mtaje katika Misa ya kesho.

Nanyi wazazi wa parokiani, msidhani utakatifu ni wa wanaovaa kanzu tu. Maria hakuacha jiko lake ili amtafute Mungu.

Mwenyeheri Maria Corsini, utuombee.