George Stephenson, mtoto wa mugodi

Wandugu, mushahara tutaendelea kuuomba. Lakini iko njaa ingine: kufaulu jambo gumu. George Stephenson wa Uingereza, aliyezaliwa 1781, alikuwa nayo. Baba yake alichochea moto wa mashini kwenye mugodi wa makaa. Mpaka miaka 18 George hakujua kusoma. Akalipa masomo ya usiku kwa franga zake. Mwaka 1811 pompi ya mugodi ilishinda mafundi, yeye akaitengeneza. Mwaka 1815 alitengeneza taa isiyolipusha gazi, akaijaribu yeye mwenyewe mule chini. Wenye masomo wakasema ati ameiba akili ya mwingine. Uchunguzi ukaonyesha hapana. Alikufa 1848. Basi, tukienda mbele ya mukubwa wa kazi, pamoja na mushahara tuombe masomo.