Liang Sicheng, Msomaji wa Majumba

Wapo wasomao vitabu, na wapo wasomao majumba. Marehemu Liang Sicheng wa China aliyasoma yote mawili.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1901, babake, mwanachuoni Liang Qichao, akiwa uhamishoni. Alipokuwa akisomea usanifu wa majengo Marekani, babake alimpelekea kitabu cha ujenzi kilichochapwa mwaka 1103. Kijana hakufahamu kitu. Mwaka 1928 alimwoa Lin Huiyin, mshairi, wakarejea kwao. Hapo Liang aliketi chini ya mafundi wazee wa Beijing, akajifunza majina ya boriti na ya vile vipande vya mbao vipandanavyo kati ya nguzo na paa.

Alichokisoma ni kuwa kwa Wachina wa kale kila kitu kina mahali pake. Nyumba huzunguka ua. Chumba cha kaskazini, kikabilicho kusini penye jua, ni cha wazee. Vya ubavuni ni vya watoto. Beijing nayo ni hivyo hivyo: mstari mmoja wa karibu kilomita 8 waukata mji kutoka kusini hata kaskazini, na kasri, iliyomalizika mwaka 1420, i katikati. Vigae vya manjano ni vya mfalme. Ukumbi mkuu wa Hekalu la Mbingu ni mviringo wenye vigae vya buluu, kwani kwao mbingu ni duara na ardhi ni mraba.

Wajapani walidai kuwa China haikusaliwa na jengo la mbao la enzi ya Tang. Mwaka 1937 mume na mke walifika hekalu la Foguang, milimani Shanxi. Lin aliona maandishi hafifu ya wino kwenye boriti: jina la mwanamke aliyetoa mali yake. Jina hilo hilo lilichongwa katika nguzo ya mawe nje, pamoja na mwaka: 857. Punde vita vikazuka, wakakimbilia kusini-magharibi, ambako kifua kikuu kilimlaza Lin kitandani.

Mwaka 1950, yeye na Chen Zhanxiang waliishauri serikali mpya ijenge ofisi zake magharibi, nje ya mji wa kale. Kuta za mji nazo, alisema Liang, zifanywe bustani ya watu juu yake. Hakusikizwa. Lin alifariki mwaka 1955. Kuta zikabomolewa, na reli ya chini ya ardhi ikapita zilipokuwa. Katika Mapinduzi ya Utamaduni Liang alidhalilishwa, akafariki Januari 1972.

Lango la Yongdingmen, mwanzo wa ule mstari upande wa kusini, lilibomolewa mwaka 1957. Mwaka 2004 lilianza kujengwa tena pale pale, na mwaka 2024 UNESCO iliutia mstari huo katika urithi wa dunia. Lango limerudi, ndugu msomaji, ila si lile. Mji ni kitabu chenye nakala moja. Asiyejua kuusoma huona mawe matupu.