Tafakuri ya Ramadhani: Khalifa na fimbo ya mpanda farasi

Leo tumtazame Umar bin Abdul-Aziz, khalifa wa Bani Umayya tangu mwaka 99 Hijria hadi alipofariki mwaka 101. Dola lote lile shingoni mwake, bado alimkumbuka mnyama. Alimwandikia msimamizi wa njia za posta kwamba farasi wasitiwe lijamu nzito, wala wasichomwe kwa fimbo yenye chuma nchani. Akakataza kuwakimbiza bure. Huko Misri akaagiza ngamia asibebeshwe zaidi ya ratili 600.

Mwenye fimbo akawekewa mpaka.

Na wewe je, saumu ikikubana alasiri, hasira unamshushia nani? Punda wako hasemi, ila Mola wake anamwona. Allah atutakabalie funga zetu. Amin.