Mwalimu Nyerere na Kura Tatu

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwezi wa Aprili, mwaka wa 1922, katika kijiji cha Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa la Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, nao si kabila kubwa. Kijana alichunga mbuzi kama wenzake, hata alipotimia miaka 12 akapelekwa shule ya Musoma. Toka huko akaenda Tabora, kisha Makerere. Akafundisha miaka michache Tabora katika shule ya St. Mary's, na mwaka wa 1949 akasafiri kwenda Edinburgh, katika nchi ya Scotland, kusoma elimu ya juu. Aliporudi mwaka wa 1952 akawa mwalimu wa shule ya St. Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Jina hilo la Mwalimu lilimkaa maisha yake yote, ingawa kazi yenyewe aliiacha upesi.

Aliiacha kwa sababu ya siasa. Tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake waliunda chama cha TANU, naye akawa rais wake. Mwezi wa Machi 1955, alipoambiwa achague moja, ualimu au siasa, akaacha mshahara akashika siasa, naye ana mke na watoto wa kulishwa.

Siku zile Tanganyika ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na sheria zilitungwa na Baraza la Kutunga Sheria. Watu wa baraza hilo hawakuchaguliwa na raia. Waliteuliwa na Gavana. Mwaka wa 1957 Gavana Twining alimteua Nyerere kuwa mmoja wao. Kiti kile kilikuwa heshima kubwa, na wengine wangekikalia kimya. Yeye alileta maneno mengi ya kutaka mambo yabadilike, na yote yakakataliwa. Hata mwezi wa Desemba mwaka ule ule akajiuzulu. Kiti ambacho mtu amepewa na Gavana hakikumfaa tena. Alitaka kiti cha kupigiwa kura.

Lakini hiyo kura yenyewe ilikuja na mashaka. Serikali ilikubali kwamba uchaguzi ufanywe, ikaweka masharti mawili. La kwanza: hakuna aruhusiwaye kupiga kura ila mwenye mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au mwenye elimu ya kiasi fulani, au mwenye cheo kilichotajwa katika sheria. Fikirini jambo hili lilikuwa na maana gani katika Jimbo la Tanga. Maelfu ya watu walikata mkonge toka Muheza hata Korogwe, na katika hao ni nani aliyepata shilingi 3,000 kwa mwaka? Katika nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Sharti la pili lilichukiza zaidi. Kila mpiga kura alipasa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyetaka kuwachagua wote watatu, kura yake ilikuwa bure. Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wale wengine, na hata hivyo wapate viti sawa nao! Hii ndiyo iliyoitwa kura tatu. Watu wengi wa TANU walisema kwamba mtu mwenye haya hawezi kuingia katika uchaguzi wa namna hiyo, na kwamba chama kiususe.

Nyerere naye aliichukia sheria ile, lakini aliona mbali kidogo. TANU ikisusa, chama cha UTP, kilichopendwa na Serikali, kingeingia peke yake na kuchukua viti vyote; ndipo Waingereza wangesema kwamba raia wamewakataa watu wa TANU. Basi ilimpasa kuwageuza wenzake, na mkutano mkuu wa chama ulikuwa umekaribia, kufanywa Tabora mwezi wa Januari 1958.

Wazee wa Tanga husimulia kwamba kabla ya mkutano ule Nyerere alifika kwao, akakutana kwa siri na viongozi wa TANU huko Mnyanjani, pembeni mwa mji. Miongoni mwao walikuwamo Hamisi Heri, Abdallah Rashid Sembe na Mwalimu Kihere. Aliwaeleza shida yake pasipo kuficha: wajumbe wengi wana hasira, naye peke yake hataweza kuwashinda. Watu wa Tanga wakakubali kumsaidia. Mambo hayo hayakutangazwa, kwa kuwa mpango ukivuja kabla ya siku yake, wapinzani wake wangejiandaa.

Tabora kulikuwa na joto la maneno. Wajumbe walisimama mmoja baada ya mmoja kuikataa kura tatu, na ilionekana wazi kwamba wako wengi. Inasimuliwa kwamba Nyerere alishuka katika kiti cha mwenyekiti ili apate kusema kama mjumbe, na Mwalimu Kihere wa Tanga akakikalia badala yake. Nyerere akatoa mfano wa shamba zuri lililo ng'ambo ya tope: mwenye kutaka mavuno hana budi kulikanyaga tope, na miguu ataiosha baadaye. Kura zilipopigwa, walio wengi walimfuata. Uamuzi ule ndio ulioitwa Uamuzi wa Busara.

Si wote waliotulia. Zuberi Mtemvu alijitenga na TANU, akaunda chama chake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kudharauliwa, maana alilosema juu ya ubaya wa sheria ile lilikuwa kweli, na Nyerere hakuikana kweli hiyo. Walitofautiana juu ya njia tu.

Uchaguzi ulipangwa kufanywa kwa mafungu mawili. Tanga ilikuwa katika majimbo matano ya kwanza, ya Septemba 1958. Mengine yalingoja hata Februari 1959. Nyerere alisimama katika Jimbo la Mashariki, akishindana na Patrick Kunambi. Lakini kabla ya siku kufika, alishtakiwa. Katika gazeti la Sauti ya TANU alikuwa ameandika maneno makali juu ya mabwana shauri wawili, na mahakama ya Dar es Salaam ikamwona na hatia. Akahukumiwa kulipa paundi 150 au kufungwa miezi sita. Ajabu ya mambo, fedha hizo ni sawasawa na zile ambazo sheria ilimtaka mtu awe nazo kwa mwaka ndipo apige kura!

Katika nchi nyingine wakuu wa siasa wamekubali kifungo, wakatoka wenye sifa zaidi. Nyerere angeweza kufanya vivyo hivyo, na wako waliotaka afanye. Lakini aliyefungwa hawezi kuongoza uchaguzi; tena watu wake wangekasirika, na damu ingeweza kumwagika. Akalipa, akarudi kazini.

Siku ya kura alipata kura 2,628, na Kunambi 802. UTP kilishindwa vibaya. Tena ile hila ya kura tatu iliwageukia walioitunga: kwa kuwa kila mtu alipasa kuchagua Mzungu na Mwasia, wafuasi wa TANU waliwachagua Wazungu na Waasia waliokubaliana na TANU, kama Derek Bryceson na Bibi Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini. Baraza lilipokutana, Waafrika hawakuwa peke yao katika kudai uhuru.

Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa Agosti 1960 ulifanywa uchaguzi mwingine, na TANU ikapata viti 70 katika viti 71. Katika vingi hakuna hata aliyejitokeza kushindana nayo. Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Mwezi mmoja tu baadaye akaacha uwaziri mkuu, akazunguka nchini kukitengeneza chama. Mwaka wa 1962 ulipofanywa uchaguzi wa Rais, alishindana na Zuberi Mtemvu yule yule wa Tabora. Safari hii mkata mkonge naye alipiga kura. Mtemvu alipata kura 21,276. Nyerere alipata zaidi ya milioni moja.

Alitawala hata mwaka wa 1985, akang'atuka kwa hiari yake na kurudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mwili wake ukaletwa nyumbani, ukazikwa Butiama.